Miaka 3 nakarabati vifaa tiba: niende uzamili au niruke hadi uzamivu?

Swali: Shikamoo Profesa. Nina shahada ya kwanza ya uhandisi wa umeme, GPA yangu ni ya kati tu. Kwa miaka 3 sasa natengeneza vifaa vya hospitali vinapoharibika: mashine za ECG (za kurekodi umeme wa moyo), mashine za kuzalisha oksijeni, za kufyonza majimaji, inkubeta za watoto njiti. Nataka kuendelea na masomo ya juu ya uhandisi tiba, lakini baolojia niliiacha sekondari. Wapo wanaoniambia nianze na uzamili, wapo wanaosema niruke moja kwa moja hadi uzamivu. Nianzie wapi? Na je, nimeshachelewa?

Jibu: Marahaba. Hujachelewa. Hilo nalimaliza mapema ili tupate nafasi ya mambo yenye uzito.

Kitu kimoja hukukitaja: unataka kusoma ili ukafanye nini. Wengi hawakitaji, nami siwalaumu, kwa sababu jina "uhandisi tiba" linaficha mengi. Ndani yake yumo anayeotesha seli za gegedu juu ya kiunzi cha polima, yumo anayeandika hesabu za kuunda picha za MRI, zile za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, yumo anayepima nguvu zinazopita kwenye nyonga mtu anapopanda ngazi, na yumo anayeamua hospitali inunue ventileta (mashine ya kupumulia) ipi na nani ataitunza. Vyeti vyao vinaweza kusomeka sawasawa kabisa. Waketishe meza moja, na baada ya salamu huenda wakakosa la kuzungumza. Kwa hiyo jina la shahada lisikuhangaishe. Kinachokupasa kuchagua ni tatizo, na mtu wa kukusimamia unapolishughulikia. Nitalirudia jambo hili mbele, maana ndilo jibu langu hasa. Mengine yote ni maelezo.

Nianze na baolojia, kwa kuwa naona ndiyo inayokunyima usingizi.

Godfrey Hounsfield, aliyebuni mashine ya CT inayopiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei, hakuwa na shahada ya chuo kikuu, sembuse ya baolojia. Alikuwa mhandisi wa umeme katika kampuni ya EMI, Uingereza. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine yake Oktoba 1971, na mwaka 1979 akapata Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Allan Cormack, ambaye naye alikuwa mwanafizikia. Wilson Greatbatch wa Marekani alikuwa mhandisi wa umeme. Katika miaka ya 1950, akiunda kifaa cha kurekodi sauti za moyo, alichomeka rezista (kikinza mkondo wa umeme) yenye thamani isiyo sahihi; saketi ikatoa mpigo, ikanyamaza, ikatoa tena, naye akang'amua kwamba huo ni mwendo wa moyo wenyewe. Kutokana na kosa lile akaendelea hadi kwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kinachopandikizwa mwilini, akifanya kazi bega kwa bega na daktari wa upasuaji.

Wote hao walikuwa wazito katika jambo moja la uhandisi, kisha wakakutana na shida ya kitabibu. Uzito ule ndio uliowafikisha. Hakuna daktari atakayekutafuta kwa sababu unazijua sehemu za ini. Anazijua kuliko wewe, na ataendelea kuzijua kuliko wewe mpaka mstaafu nyote wawili. Atakutafuta kwa sababu unajua kuitoa ishara ndogo ndani ya kelele kubwa. Ukienda kwenye masomo ya juu ukaacha umeme wako mlangoni ili ukawe nusu daktari, utakuwa umetupa mtaji.

Hata hivyo sisemi fiziolojia uikwepe. Utaisoma, na kwa mtu wa umeme ni nyepesi kuliko unavyodhani, mradi uiingie kwa mlango wako. Anza na moyo na mishipa, kisha mapafu, kisha neva na misuli. Figo na homoni zitasubiri. Ateri kubwa inayotanuka moyo unaposukuma damu na kusinyaa moyo unapopumzika ni kapasita, kile kifaa kinachohifadhi chaji na kuiachia. Mishipa midogo inayokaza mtiririko ni rezista. Shinikizo la damu ni volteji, mtiririko ni mkondo. Otto Frank, Mjerumani, aliiandika hesabu ya jambo hilo mwaka 1899. Mwaka 1952 Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliokuwa wakipima neva nene ya ngisi, waliueleza utando wa neva kama saketi: kapasita moja, ikiwa sambamba na njia za sodiamu na potasiamu ambazo ukinzani wake hubadilika kufuatana na volteji. Kazi hiyo iliwapa Nobel mwaka 1963. Ukizifungua kurasa zile utaikuta Sheria ya Ohm, ile inayounganisha volteji, mkondo na ukinzani, imeketi humo kama mwenyeji. Nimewahi kuwaona madaktari wanafunzi wakitoka jasho mbele ya milinganyo hiyo huku kijana wa umeme akiisoma kama barua ya nyumbani.

Miezi 4 au 5 ya kitabu kimoja kizuri cha fiziolojia, sura baada ya sura, kalamu mkononi, itakutosha kuingia darasani bila aibu. Vyuo vingi pia huwapa wahandisi kozi za kujazia pengo katika muhula wa kwanza.

Kinachowaangusha wahandisi katika fani hii ni takwimu, wala si baolojia. Ngoja nikusimulie aibu yangu. Nilipokuwa nasoma uzamili niliandika programu ya kutenganisha mapigo ya kawaida ya moyo na yale yenye hitilafu. Nilitumia hifadhidata ya MIT-BIH, ambayo hata leo inapatikana bure kupitia PhysioNet, tovuti ya data za tiba: rekodi 48 za ECG, kila moja ya nusu saa, kutoka kwa watu 47. Niliyachanganya mapigo yote kama karata, nikatenga fungu la kuifundishia programu na fungu la kuipimia. Matokeo yakawa mazuri kupita kiasi. Nikayachora kwa rangi, nikaanza kupanga nguo ya kuvaa siku ya kutetea tasnifu. Wiki chache kabla, mtakwimu mmoja aliyekuwa akipita tu akauliza: "Mgonjwa huyuhuyu yumo katika mafungu yote mawili?" Alikuwamo. Walikuwamo karibu wote. Programu yangu haikuwa imejifunza maradhi. Ilikuwa imewazoea wagonjwa kwa sura, kama mlinzi wa getini anavyowazoea wafanyakazi. Nilipowatenga wagonjwa, hawa wa kufundishia na wale wa kupimia, matokeo yaliporomoka, na tasnifu ikarudi nyuma miezi 5.

Bado naletewa maandiko ya akili mnemba yenye kosa hilohilo, mengine yakiwa yamekwisha kuchapishwa. Basi kama una nafasi ya kujisomea jambo moja tu kabla ya kuomba chuo, soma takwimu: namna ya kupanga jaribio, namna ya kukadiria idadi ya washiriki, tofauti kati ya vipimo viwili kwenda pamoja na vipimo viwili kukubaliana. Hilo la mwisho linawachanganya hata maprofesa. Vipimo viwili vya shinikizo la damu vinaweza kupanda na kushuka pamoja vizuri kabisa huku kimoja kikisoma juu kwa milimita 15 kila mara.

Sasa tuje kwenye uzamili na uzamivu.

Jione miaka 10 ijayo, asubuhi, unakwenda kazini. Unakwenda wapi? Kama ni hospitalini, ukiwa mkuu wa idara ya vifaa, basi uzamivu hauna haraka na pengine hauna haja. Kazi ile ni kubwa kuliko inavyoheshimiwa. Mwaka 2011 Perry na Malkin walikusanya orodha za vifaa 112,040 vya hospitali katika nchi 16 zenye uwezo mdogo, wakakuta asilimia 38.3 havifanyi kazi. Sababu kubwa walizozitaja ni upungufu wa mafunzo, udhaifu wa usimamizi wa vifaa, na miundombinu. Angalia sababu hizo vizuri: hakuna inayodai uvumbuzi mpya. Zinadai mtu anayejua kupanga manunuzi, vipuri, matengenezo ya kinga na mafunzo ya wauguzi. Kwa njia hiyo, tafuta uzamili wa uhandisi wa hospitali au usimamizi wa teknolojia ya afya, wenye miezi ya kufanya kazi ndani ya hospitali. Miaka yako 3 itakufaa huko kuliko kitu chochote.

Kama ni kiwandani, kwenye kubuni vifaa, uzamili wenye mradi mkubwa unatosha kukufungulia mlango; watakachotaka kuona ni kitu ulichokiunda, ukakipima, kikafeli, ukakirekebisha. Kama ni kufundisha chuo kikuu au kuongoza utafiti, hapo uzamivu haukwepeki.

Kuhusu kuruka, inategemea unaruka wapi. Marekani ni kawaida kuingia uzamivu ukiwa na shahada ya kwanza tu: miaka ya mwanzo ni ya madarasa na mtihani mgumu wa kufuzu, kisha utafiti, na kwa jumla huchukua miaka 5 au 6, mara nyingi ukisamehewa ada na kupewa posho kwa kazi ya utafiti au ya kusaidia kufundisha. Uingereza uzamili huwa wa mwaka 1 na uzamivu wa miaka 3 hadi 4, na unatarajiwa kufika tayari unajua unachokitafuta. Katika sehemu kubwa ya bara la Ulaya utadaiwa uzamili kwanza, kwa kawaida wa miaka 2. Na Ujerumani mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi huwa ni mwajiriwa mwenye mkataba na mshahara.

Kwa mtu kama wewe, mwenye GPA ya kati na aliyekaa miaka 3 nje ya darasa, ningechagua uzamili wenye tasnifu. Wenzangu kadhaa watanipinga, watasema unapoteza miaka 2. Mimi naona miaka hiyo inakupa alama mpya zinazoifunika ile GPA, inakupa mtu wa kukuandikia barua aliyekuona ukifanya utafiti, na inakupa nafasi ya kugundua kama utafiti wenyewe unaupenda. Kuna watu hodari wa kutengeneza vitu ambao utafiti unawatesa: miezi 8 ya kupima jambo moja, kisha jibu ni "haiwezekani kusema". Bora ulijue hilo kwenye uzamili kuliko mwaka wa nne wa uzamivu. Sharti langu ni moja, tasnifu iwepo. Uzamili wa madarasa matupu utakupa cheti, lakini mbele ya kamati ya uzamivu utasimama palepale uliposimama leo.

Nirudi sasa kwenye tatizo. Kila mwaka napokea barua za vijana wanaotaka "kutumia akili mnemba katika afya". Hapo hakuna swali, kuna matumaini tu. Nikuonyeshe swali linavyofanana, kwa kifaa ambacho umeshakifungua mara nyingi: kile kipima oksijeni cha kidoleni.

Aliyekianzisha, Takuo Aoyagi wa Japani, mhandisi wa umeme, hakuwa akitafuta oksijeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akijaribu kupima kiasi cha damu ambacho moyo unakisukuma, kwa kuingiza rangi kwenye damu na kuisoma kwa mwanga unaopita sikioni. Mapigo ya mshipa yakawa yanamharibia mchoro. Akajaribu kuyafuta kwa kulinganisha mwanga wa mawimbi mawili, na akaona kwamba kiwango cha oksijeni kikibadilika, ufutaji unavurugika. Mtu mwingine angekasirika. Yeye akageuza kibao: kile kilichokuwa kelele akakifanya kipimo. Kwa kuwa sehemu inayopigapiga ya mwanga inatokana na damu ya ateri, mtu anaweza kusoma oksijeni ya ateri bila kuchoma sindano. Kazi hiyo iliwasilishwa mwaka 1974.

Vifaa vya leo hutumia mwanga mwekundu wa karibu nanomita 660 na mwanga wa infraredi wa karibu nanomita 940, huchukua uwiano wa mipigo ya mianga hiyo miwili, kisha husoma jibu kwenye jedwali. Jedwali hilo limetoka wapi? Halikutoka kwenye fizikia tupu. Limetokana na watu wazima wenye afya waliojitolea, wakapunguziwa oksijeni hatua kwa hatua hadi karibu asilimia 70 huku damu yao ikipimwa maabara. Umeona mlango wa tatizo ulipo? Jedwali linafanana na waliojitolea. Desemba 2020 Michael Sjoding na wenzake walichapisha ulinganisho wa wagonjwa wa Marekani: miongoni mwa waliosomwa asilimia 92 hadi 96 na kifaa, oksijeni ya damu ya ateri ilikuwa chini ya asilimia 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na kwa asilimia 3.6 ya wagonjwa weupe. Rangi ya ngozi nayo hufyonza mwanga, na kifaa kinachowekwa vidoleni kila siku kilikuwa kinawakosea watu wengi bila kupiga kengele.

Maswali ya tasnifu yanatokea hapo yenyewe. Je, mawimbi mengine ya mwanga yatapunguza kosa? Ngozi ipimwe kwa kipimo gani kabla ya kukisawazisha kifaa, badala ya kumwangalia mtu kwa macho? Kidole chenye baridi kinaongeza kosa kiasi gani juu ya lile la rangi? Kila moja lina kifaa, lina namba, na linaweza kujibiwa "hapana". Hilo la mwisho ndilo jiwe la kupimia swali: kama huwezi kueleza ni matokeo gani yatakuonyesha kwamba umekosea, bado huna swali.

Na maswali ya namna hiyo unayo tayari, ila umeyaita kero za kazi. Zeolaiti, yale madini yenye vitundu ndani ya mashine ya kuzalisha oksijeni, hushika naitrojeni, lakini ikinyonya unyevu inapoteza uwezo. Unaweza kuitabiri siku itakapochoka kabla mgonjwa hajaumia? Mstari wa ECG unaoyumba elektrodi (vile vibandiko vya kifuani) zinapokauka, unaweza kuupima na kumwambia muuguzi abadilishe elektrodi badala ya kumwita fundi? Mtoto njiti hupoteza joto kiasi gani kila mlango wa inkubeta unapofunguliwa, na inachukua dakika ngapi kurudi? Chukua daftari leo. Kila kifaa kinachoharibika andika tarehe, umri wa kifaa, kilichoharibika, unachodhani ni chanzo, na kilichothibitika kuwa chanzo. Baada ya miezi 6 utakuwa na kitu ambacho waombaji wenzako wenye GPA kubwa hawana. Usiandike majina ya wagonjwa humo, hata herufi za mwanzo. Ukija kutaka kutumia taarifa zao kwa utafiti, kamati ya maadili ndiyo itakayokupa ruhusa, na ruhusa hutangulia ukusanyaji.

Msimamizi. Jina kubwa si dhamana. Nimewaona wanafunzi wa watu mashuhuri wanaokutana na msimamizi wao mara 2 kwa muhula, na nimewaona wa walimu wasiojulikana wakikaa naye kila Jumatatu na kumaliza kwa wakati. Angalia makala zao za miaka 3 iliyopita: wanafunzi ndio waandishi wa kwanza? Waliomaliza wako wapi sasa? Walichukua miaka mingapi? Kisha waandikie wanafunzi wawili walioko pale, na mmoja aliyeondoka bila kumaliza ukimpata. Huyo wa mwisho usimwamini kwa kila kitu, lakini msikilize. Uliza kama maabara ina daktari anayeshirikiana nayo kwa vitendo. Maabara ya uhandisi tiba isiyo na daktari wa kuingia na kutoka hubuni vitu vya kupendeza ambavyo hakuna aliyeviomba.

Unapomwandikia profesa, usitume barua moja kwa watu 40. Tunazitambua kwa mstari wa kwanza. Andika fupi, kitu kama hiki: "Nimesoma makala yenu ya mwaka jana kuhusu vipimo vya mwanga kwenye ngozi. Mimi ni mhandisi wa umeme, nimekarabati vifaa tiba kwa miaka 3. Katika daftari langu la matengenezo nimeona vipimo vya oksijeni vikipotoka zaidi kwa wagonjwa wenye vidole baridi, na sioni kwamba makala ilitenganisha jambo hilo. Je, kuna nafasi ya uzamili mwaka ujao ya kulichunguza?" Ambatanisha wasifu wa kurasa 2. Basi. Barua ya namna hiyo mimi huijibu hata kama sina nafasi, na mara nyingi humtajia mwandishi mwenzangu aliye nayo.

Fedha. Usijilipie uzamivu. Maabara inayokutaka kwa kazi ya miaka 4 bila kukutafutia hata posho inakuonyesha mapema nafasi yako itakuwa ipi. Uzamili ni habari nyingine. Ufadhili wake ni mchache na ushindani ni mkali, lakini upo: DAAD ya Ujerumani, Commonwealth kwa Uingereza, Erasmus Mundus kwa programu zinazozunguka nchi kadhaa za Ulaya, MEXT ya Japani. Maombi mengi hufungwa miezi mingi kabla ya masomo kuanza, kwa hiyo atakayeanza kutafuta mwezi wa kufungua chuo ataomba ya mwaka unaofuata. Wafadhili kadhaa huthamini uzoefu wa kazi kuliko vyuo vinavyouthamini. Hapo una bahati.

Mtihani wa lugha utaufanya ukitakiwa, iwe IELTS au TOEFL. GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya juu hasa Marekani, vyuo vingi vimeiacha. Angalia masharti ya chuo chako na usiifanye kwa mazoea. Barua za mapendekezo: mbili za walimu, na ya tatu iwe ya daktari au muuguzi mkuu anayeweza kusema kwa mfano siku uliyokiokoa kifaa fulani na ulivyofikiri. Barua ya bosi inayosema wewe ni mchapakazi na mwaminifu haikuongezei kitu, kila mwombaji anayo.

Kuna somo utakalokutana nalo litakalokuchosha: viwango na usalama. IEC 60601 kuhusu vifaa tiba vya umeme, ISO 14971 kuhusu vihatarishi, ISO 13485 kuhusu mfumo wa ubora wa mtengenezaji. Wanafunzi hulisinzia. Mimi huwaamsha kwa Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya maunzi vya kukata mionzi mambo yakienda kombo. Katika hii vingi viliondolewa na kazi ikaachiwa programu. Kati ya 1985 na 1987 wagonjwa wasiopungua 6 walipigwa mionzi kupita kiasi, wengine wakafa. Moja ya hitilafu ilijitokeza pale mtumiaji alipokuwa mwepesi wa kubadilisha maelekezo kwenye kibodi, kwa hiyo kadiri alivyoizoea kazi ndivyo hatari ilivyokaribia. Wewe uliyekwisha kuona muuguzi akibonyeza "endelea" mara 10 kwa zamu utalielewa somo hili kuliko aliyetoka darasani moja kwa moja.

Mwisho, kazi ya nyumbani, maana ushauri bila kazi unasahaulika. Sakinisha Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye kompyuta yako, ni bure. Pakua kutoka PhysioNet rekodi namba 100 ya ile hifadhidata ya MIT-BIH niliyokutajia. Mawimbi yake yamechukuliwa mara 360 kwa sekunde, na madaktari wameshaweka alama kila pigo, kwa hiyo utajua ukikosea. Andika mwenyewe programu ya kutafuta vilele vya mapigo kwa njia ya Pan na Tompkins ya mwaka 1985: chuja, chukua mteremko, pandisha kipeo cha pili, jumlisha kwa dirisha linalosogea, weka kizingiti. Usitumie maktaba iliyokwisha kuandikwa. Kwenye rekodi 100 itafanya kazi jioni ya kwanza na utajiona umeiva. Kisha ijaribu rekodi 108. Niandikie ilipokosea, na unadhani ni kwa nini. Tutaendelea kutoka hapo.